Debe la sokoni, kilo ya jikoni

Mama lishe, wenye mikahawa na wapishi wa shughuli jijini Dar es Salaam hununua mboga kwa kipimo kimoja na kupika kwa kingine. Viazi huja kwa debe, nyanya kwa tenga, njegere kwa sado na mchicha kwa fungu, wakati mteja anayeleta zabuni huandika kilo. Anayekosea hesabu hapo katikati hulipa tofauti kutoka mfukoni mwake.

Ugumu unaanzia kwenye chombo chenyewe. Debe la asili ni lile la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Ndoo ya plastiki ya lita 20 nayo huitwa debe. Mnunuzi aliyezoea ndoo akipimiwa kwa bati la zamani hupungukiwa karibu sehemu moja ya kumi, hata muuzaji awe mwaminifu kiasi gani. Sado, lile kopo la rangi la lita 4, huingia mara 5 katika ndoo hiyo, mradi lisiwe limebonyezwa kitako, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalichunguzi.

Baada ya chombo kuna hewa. Ndoo ya lita 20 ikijazwa viazi na kusawazishwa mdomoni haitoi kilo 20, bali huwa kati ya kilo 12 na 14, kwa kuwa nafasi kubwa baina ya kiazi na kiazi ni tupu. Viazi hivyo vikimenywa, kila kilo hubakiza kama gramu 800. Njegere zenye maganda ni mbaya zaidi: kilo 1 ikibanjuliwa hutoa chini ya gramu 400, yaani vikombe viwili na nusu tu.

Jikoni, kikombe cha kupimia cha Kimarekani huchukua mililita 240 hivi. Kikombe hicho cha kitunguu kilichokatwakatwa ni gramu 160, nyanya zilizokatwa 180, karoti iliyokunwa 110. Kabichi ndiyo inayoonyesha nguvu ya kisu: ikikatwa nyembamba kama ya kachumbari kikombe kina gramu 70, ikikatwa vipande gramu 89. Kwa vikombe 100 hiyo ni tofauti ya karibu kilo 2 za kabichi, na wapishi wawili wanaotumia mapishi yale yale wanaweza kutofautiana hivyo bila yeyote kuiba.

Mchicha ndio unaowaumbua wengi. Majani mabichi kikombe kizima ni gramu 28 tu. Yakipikwa, kikombe hicho hicho hubeba gramu 132. Mpishi aliyepewa oda ya vikombe 50 vya mchicha uliopikwa anahitaji zaidi ya kilo 6 na nusu za mboga iliyoiva. Akizihesabu kuwa ni mbichi, atanunua kilo 1 na gramu 400, na wageni wengi watakula wali mkavu. Inafaa oda iseme waziwazi: mbichi au iliyoiva, yenye maganda au iliyomenywa.

Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukipiga vita lumbesa kwenye magunia, lakini mafungu na makopo ya rejareja yamebaki mikononi mwa wauzaji na wanunuzi wenyewe. Wapishi wenye uzoefu wamejitengenezea dawa yao. Hupima sado lao tupu kwenye mizani, kisha hulijaza kila aina ya mboga na kupima tena, wakaandika uzito halisi ubavuni kwa rangi. Hesabu hiyo hurudiwa msimu ukibadilika, kwani viazi vidogo hujaza mianya kuliko vikubwa, na sado la Juni si lazima liwe na uzito wa sado la Desemba.