Kilo si nguvu: wewe uliyepona, rudisha misuli yako polepole

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, someni habari hii pamoja.

Mtu anatoka hospitali baada ya kuugua kifua kikuu. Zamani alikuwa na kilo 68, leo ana kilo 52. Suruali inashikwa na kamba. Majirani wanamtazama, naye anaona haya. Hapo wengi wanakosea. Huyu ananyanyua chuma kizito nyuma ya nyumba ili apate kifua upesi. Yule anatuma mtoto sokoni kununua vidonge vya kunenepesha.

Kama mtu huyo ni wewe, usifanye hili wala lile.

Nguvu zimekwenda wapi? Mwili unaopigana na ugonjwa unatumia chakula kingi, lakini mgonjwa hana hamu ya kula. Basi mwili unakula akiba yake ya mafuta, na misuli pia. Kitanda nacho kinaongeza hasara, kwa maana msuli usiofanya kazi unapungua siku kwa siku.

Jihadhari na vidonge vya sokoni. Mara nyingi ndani yake mna deksametazoni. Hiyo ni dawa ya kweli, na waganga wanaitoa kwa magonjwa fulani. Lakini ukiimeza bila munganga, uso unavimba, mizani inapanda, watu wanakusifu. Ndani, misuli inazidi kupungua, mifupa inalegea, sukari inapanda katika damu, na kinga ya mwili inashuka hata kifua kikuu kinaweza kurudi. Umekwisha kuvimeza siku nyingi? Usiache ghafula, ni hatari. Mwambie munganga kwanza.

Njia nzuri ni hii.

DAWA. Maliza dawa zako zote. Kwa kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6, hata kama unajisikia mzima tangu mwezi wa pili. Acha lutuku, kwa sababu pombe pamoja na dawa hizo inaharibu ini.

CHAKULA. Bukari inatia nguvu ya kutembea, lakini peke yake haijengi misuli. Mwenye kilo 52 atafute gramu 60 hivi za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Karanga za kujaa mkono zina gramu 7. Kikombe cha maharagi yaliyopikwa kina gramu 15. Ndakala kavu gramu 30 zinatoa zaidi ya gramu 15. Mama, tia karanga zilizotwangwa katika sombe au lengalenga. Mgonjwa akishindwa kumaliza sahani, mpe kidogo kidogo, mara tano kwa siku.

MAZOEZI. Anza munganga akikubali, homa ikiwa imekwisha na kilo zikiwa zinapanda. Majuma ya kwanza tembea dakika 10, kisha 15, kisha 20. Kaa juu ya kiti na kusimama mara 8. Weka mikono ukutani na kujisukuma mara 8.

Baadaye chukua bidoni. Litre 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo bidoni ndiyo chuma chako na mizani yako. Tia litre 2, nyanyua mara 8, pumzika, rudia. Usizuie pumzi. Siku utakapofika mara 12 bila kuhema, ongeza nusu litre tu. Fanya siku tatu kwa juma, na kati ya siku hizo pumzika, maana msuli unajengwa wakati wa kupumzika na kulala.

Ukikohoa damu, ukisikia maumivu ya kifua, homa ikirudi au kilo zikishuka, acha mazoezi na uende hospitali siku ileile.

KAZI. Usimfiche shefu wako wala munganga wa kazi. Omba kazi nyepesi kwa muda. Utakaporudi penye vumbi la mawe, vaa maski na kunyunyiza maji, kwani vumbi hilo linafungulia kifua kikuu mlango.

Wengine watasema: «Nitaonekana mvivu.» Ndugu, fikiri juu ya mwenzako anayeshika upande wa pili wa mzigo. Mikono yako ikilegea, mguu utakaovunjika ni wake.

Kila juma pima uzito wako, andika katika daftari, na mama aandike litre za bidoni. Kilo zikipanda na litre zikipanda pamoja, hapo unapona kweli. Kilo zikipanda peke yake, bado kazi iko.

Haraka haraka haina baraka. Ugonjwa ulikula misuli yako kwa miezi. Uipe nayo miezi ya kurudi.