Neno na Punje: Ushahidi wa Kilimo cha Kale katika Meru na Embu

Sisi wanaisimu tumezoea kuandika historia ya kilimo kwa ushahidi wa maneno. Wameru na Waembu huuita uwele *mwere*. Kufanana kwa maumbo hayo mawili kwadhihirisha mzizi mmoja wa Kibantu. Hata hivyo, neno halina tarehe. Laweza kurithiwa, kukopwa, au kuhamishwa kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

Hapo ndipo punje hutufaa. Mbegu iliyoungua jikoni haiozi upesi. Mchimbaji wa mambo ya kale hutia majini udongo wa jiko. Mbegu na makaa huelea, naye huvikinga kwa chekeche, huvikausha na kuvitambua kwa hadubini. Kisha punje yenyewe hupimwa umri kwa kaboni. Mifupa nayo hutambulisha wanyama, ingawa ile ya mbuzi na kondoo ni vigumu kutenganishwa.

Katika pango la Kakapel, Busia, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kunde za miaka 2,300 hivi iliyopita, na wimbi la miaka 1,000 hivi iliyopita. Hakuna neno ambalo lingetupa tarehe hizo.

Basi kwa Meru na Embu kazi ni mbili. Mchimbaji asitupe udongo wa jiko kabla ya kuuosha. Nasi tukusanye, kwa wakulima wazee wa Tharaka na Mbeere, majina ya nafaka, ya sehemu zake na ya hatua za kupura na kupepeta, kabla mahindi hayajayasahaulisha. Punje iliyoungua yaweza kutungoja ardhini. Neno lisiloandikwa halitungoji.