Likizo ya Desemba katika Riwaya ya Vijana: Mfano wa Thika na Ruiru

Katika fasihi ya Ulaya na Marekani iko aina ya riwaya nyepesi ya vijana ambayo muundo wake unafahamika sana. Shule hufungwa, kijana hupelekwa mahali asipopazoea, huko hukosea mambo, huchekwa, hujifunza kujicheka, na siku ya kurudi shuleni si yule aliyeondoka. Msimu wa riwaya hiyo ni kiangazi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini muundo huo hauwezi kuhamishiwa Thika na Ruiru kwa kutafsiri jina la msimu tu.

Neno "kiangazi" humletea msomaji wa Kiswahili jua na ukavu. Halimletei shule kufungwa. Kalenda ya kawaida ya shule za Kenya ina likizo tatu. Ile ya Aprili huangukia masika. Ile ya Agosti, Thika huwa na mawingu na baridi. Inabaki likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, ambayo kwa Kiswahili cha Kenya, kusema tu "Desemba" kwatosha kuleta safari ya kwa nyanya, Krismasi na uhuru. Kwa hivyo kisawe cha msimu ule hakitokani na hali ya hewa bali na kalenda.

Mabadiliko nayo yana mizizi yake hapa. Miongoni mwa Wakikuyu, wavulana wengi hutahiriwa katika likizo hiyo, na kwa miaka mingi hilo lilifuata mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na ya mwisho mwaka 2023. Ngũgĩ wa Thiong'o aliitazama tohara kwa uzito katika The River Between (1965). Mwandishi wa riwaya nyepesi aweza kuanzia kwingine: kwa mvulana aliyejigamba mwaka mzima, na sasa siku imefika.

Kwa msichana, kisa chaweza kuwa kazi. Kahawa huiva kwa wingi kati ya Oktoba na Desemba, na mchumaji hulipwa kwa debe. Debe lisilojaa na ujira wa kwanza mkononi ni mambo ya kuchekesha na ya kukuza. Lakini Ruiru, iliyoipa jina aina ya kahawa ya Ruiru 11, imebadilika. Tatu City inajengwa palipokuwa na mashamba ya kahawa. Mjukuu wa leo huenda akaonyeshwa ghorofa na kuambiwa, "Hapa ndipo nilipochuma karo ya mama yako."

Tatizo kubwa zaidi ni lugha. Siku Njema (1996) ya Ken Walibora imethibitisha kuwa safari ya kijana, kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba, yaweza kusimuliwa kwa Kiswahili cha juu na ikapendwa. Hata hivyo, huzuni ya yatima huustahimili mtindo huo kuliko kicheko. Kijana wa Thika huzungumza Sheng na wenzake, Kikuyu na shosho, na Kiswahili sanifu na mwalimu. Tuchukue mfano tulioutunga:

— Mtihani ulikuwaje?
— Tumetoboa, shosho!
— Mmetoboa nini tena, na nani atalipa?

Kwa kijana, kutoboa ni kufaulu; kwa shosho, ni kuharibu. Hapa hapahitajiki faharasa: jibu la shosho ndilo linalofasiri neno. Tunapendekeza basi usimulizi uwe sanifu, na mazungumzo yafuate vinywa vya wasemaji.

Watapinga walimu watakaohofia insha za wanafunzi, na wachapishaji ambao soko lao ni shule. Hofu hiyo ina msingi. Lakini Barbara Kimenye, kwa vitabu vya Moses vilivyoanza katika miaka ya 1960, aliwachekesha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa Kiingereza. Tukikiachia Kiswahili majonzi na mafunzo peke yake, tusishangae vijana wakikifungua wakati wa mtihani na kukifunga siku ya likizo.