Vidonda vya tumbo vinapona, mradi chanzo kitafutwe

Ukisimama kwa muda kwenye duka la dawa la mtaani, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kongowea mjini Mombasa, hutakosa kumsikia mteja akiomba omeprazoli au dawa nyeupe ya maji ya kupunguza asidi. Akiulizwa anaumwa nini, jibu lake ni fupi: "Nina vidonda vya tumbo." Mara nyingi hajapimwa. Amejiambia mwenyewe, au ameambiwa na jirani, na amekwisha kubali kwamba huo ni ugonjwa wa maisha.

Imani hiyo inaumiza watu. Vidonda vya tumbo vina chanzo kinachojulikana, vina vipimo, na vina tiba inayoponya kabisa. Anayetibiwa chanzo hupona. Anayetuliza maumivu peke yake hununua dawa miaka nenda miaka rudi, na siku moja hufikishwa hospitalini akitapika damu.

Kidonda hutokeaje?

Tumbo hutengeneza asidi kali inayosaidia kusaga chakula na kuua vijidudu. Ili asidi hiyo isilile tumbo lenyewe, ukuta wake wa ndani hufunikwa na ute mzito. Kinga hiyo ikidhoofika, asidi hupenya na kuchimba kidonda. Kinaweza kutokea ndani ya tumbo au kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, pale chakula kinapopita baada ya kutoka tumboni.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, madaktari waliamini kwamba vidonda hivi vinaletwa na mawazo, vyakula vyenye viungo na asidi kuzidi. Wagonjwa walishauriwa kupumzika na kunywa maziwa, na waliozidiwa walifanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya tumbo au neva zinazochochea asidi.

Mabadiliko yalianzia mjini Perth, Australia. Mwaka 1979, mwanapatholojia Robin Warren aliona bakteria waliojipinda kwenye vinyama vilivyotolewa katika matumbo ya wagonjwa. Wengi waliamini hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye asidi kali kiasi hicho. Warren aliungana na daktari kijana, Barry Marshall, wakajaribu kuwaotesha maabara bila mafanikio, hadi sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982 ambapo sahani za maabara ziliachwa siku nyingi kuliko kawaida, na bakteria wakaota. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao. Baada ya siku chache alipata kichefuchefu na kutapika, na kipimo kilionyesha tumbo lake limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori. Hutoa kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huigeuza yurea iliyomo tumboni kuwa amonia. Amonia hupooza asidi inayomzunguka, naye hujichimbia ndani ya ute na kukaa humo miaka mingi, akiudhoofisha ukuta wa tumbo taratibu.

Takriban nusu ya watu duniani wamewahi kukadiriwa kuwa na bakteria huyu, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zenye maambukizi mengi zaidi. Wengi humpata utotoni, ndani ya familia, kwa mate, matapishi au kinyesi kinachofika mdomoni kupitia mikono na maji machafu. Kumtafunia mtoto chakula kabla ya kumlisha ni njia mojawapo inayotajwa na watafiti. Hata hivyo, wengi wenye bakteria huyu hawapati kidonda maisha yao yote. Majibu ya maabara yakisema unaye, hayajasema una kidonda.

Chanzo cha pili kimo kabatini

Wanaojua habari za bakteria ni wengi, lakini wachache wanajua kwamba dawa wanazomeza kwa ajili ya mgongo, magoti, jino au maumivu ya hedhi zinaweza kutoboa tumbo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziko kundi moja. Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo hizo ndizo zinazolisaidia tumbo kutengeneza ute wake. Zikizuiwa, tumbo hubaki bila kinga.

Wapo wanaodhani sindano ya diklofenaki ni salama kwa sababu haipitii tumboni. Si kweli. Dawa ikiingia kwenye damu huzuia prostaglandini mwili mzima, tumbo likiwemo. Hatari ni kubwa zaidi kwa wazee, kwa aliyewahi kuwa na vidonda, na kwa anayechanganya dawa mbili za kundi hili au kuzitumia pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ikitumika kwa kipimo sahihi haina madhara hayo kwa tumbo. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe. Azungumze na daktari wake kwanza.

Dalili, na magonjwa yanayofanana

Dalili kuu ni maumivu au moto kwenye chembe cha moyo. Kidonda cha duodeni mara nyingi huuma mtu akiwa na njaa au usiku wa manane, na hutulia akila. Kidonda cha tumbo chenyewe huweza kuuma baada ya kula. Tumbo kujaa gesi, kichefuchefu na kushiba upesi huandamana na maumivu hayo. Wengine, hasa wazee wanaotumia dawa za maumivu, hawahisi chochote mpaka kidonda kinapotoka damu.

Dalili hizo hazitoshi kumtambua mgonjwa. Wengi wanaoumwa chembe cha moyo wakichunguzwa hawakutwi na kidonda. Baadhi wana kiungulia cha asidi kupanda kooni, wengine wana mawe kwenye nyongo, na wengine tumbo halifanyi kazi vizuri ingawa halina jeraha. Hata shambulio la moyo huweza kuanza kama maumivu ya chembe, hasa kwa wazee na wenye kisukari. Vidonda vidogo vya mdomoni navyo si ishara ya vidonda vya tumbo. Vingi hupona vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kisichopona ndani ya wiki tatu kionwe na daktari wa kinywa, kwa kuwa saratani ya mdomo huweza kuanza hivyo.

Kipimo kipi kinaaminika?

Maabara nyingi za mitaani hutoa tone la damu na kutafuta kingamwili za bakteria. Tatizo la kipimo hiki ni kwamba kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kuondoka. Mtu aliyekwisha pona anaweza kuambiwa bado anaumwa na kumezeshwa antibiotiki bila sababu.

Vipimo bora ni viwili. Cha kwanza ni cha kinyesi, kinachotafuta chembe za bakteria aliyepo sasa. Cha pili ni cha pumzi: mgonjwa hunywa yurea yenye kaboni iliyowekewa alama, na bakteria akiwepo huivunja, kaboni hiyo ikatoka kwenye pumzi. Kabla ya vipimo hivi, omeprazoli na dawa za jamii yake husimamishwa kwa wiki 2, na antibiotiki kwa wiki 4, la sivyo bakteria anaweza kujificha na majibu yakadanganya.

Kidonda chenyewe huonekana kwa endoskopi, ambapo daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi tumboni, na akihitaji huchukua kinyama cha kupima. Huduma hii inapatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta. Si kila mgonjwa anaihitaji, lakini asicheleweshwe aliyepita miaka 50 na maumivu yake ni mapya, anayekonda, anayepungukiwa damu au anayekwamwa na chakula kooni. Bakteria huyu anaweza kusababisha saratani ya tumbo, na tangu mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limemweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa.

Tiba ya kuponya

Omeprazoli hupunguza asidi ili kidonda kipate nafasi ya kufunga, lakini peke yake haimwondoi bakteria. Kuitegemea hiyo tu ni kupepea moshi huku moto ukiachwa unawaka: kidonda hufunga, kisha kwa wagonjwa wengi hurudi ndani ya mwaka mmoja. Bakteria akiondolewa, kurudi kwa kidonda huwa nadra.

Kumwondoa kunahitaji dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki angalau mbili, kwa kawaida kwa siku 14. Mchanganyiko uliozoeleka ni omeprazoli, amoksilini na klarithromaisini. Mwingine una bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli. Usugu wa bakteria huyu kwa dawa umeongezeka, hasa kwa metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kama Flagyl na huinunua kila wanapoharisha. Kila dozi isiyo ya lazima, na kila dozi inayoachwa siku ya tano kwa sababu maumivu yametulia, humfundisha bakteria kuhimili dawa. Baada ya wiki 4 tangu kumaliza dozi, mgonjwa apimwe tena kwa kinyesi au pumzi ili ahakikishe bakteria ametoweka.

Vipi kuhusu chakula? Pilipili na ndimu hazisababishi vidonda, ingawa zinaweza kuongeza maumivu kwa aliye navyo. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea asidi zaidi. Sigara huchelewesha kidonda kupona, na pombe huudhi ukuta wa tumbo. Juisi ya kabichi, asali na shubiri hazijathibitishwa kumwondoa bakteria, hivyo zisichukue nafasi ya tiba. Mwenye kidonda kibichi azungumze na daktari kabla ya kufunga Ramadhani, ili dawa zipangwe kwa futari na daku au saumu iahirishwe hadi apone.

Usisubiri kesho

Nenda hospitali mara moja ukitapika damu au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, ukipata choo cheusi kinachonata kama lami, au ukishikwa ghafla na maumivu makali huku tumbo likiwa gumu kama ubao. Hizo ni dalili za kidonda kinachovuja damu au kilichotoboka. Vidonge vya madini ya chuma na bismathi pia hufanya choo kuwa cheusi, lakini acha daktari aamue tofauti hiyo.

Kwa mwenye maumivu ya muda mrefu, hatua ni tatu: mwambie daktari dawa zote za maumivu unazotumia, omba kipimo cha kinyesi au cha pumzi badala ya cha damu, na ukipewa dozi imalize kisha upimwe tena. Vidonda vya tumbo vinapona. Usikubali kuishi navyo.