Miguu Ikivimba, Mkono Nao Upimwe

Mjamzito wa miezi minane anayepandisha bidoni ya lita 20 kutoka Ziwa Kivu, akikanyaga mawe ya volkano ya Goma, atafika nyumbani miguu imejaa na pumzi zimemkatika. Akilalamika huambiwa ndivyo mimba ilivyo, na mara nyingi ni kweli. Kufikia miezi hiyo damu yake imeongezeka kwa karibu nusu, na mji wa mimba unagandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, hivyo maji hutuama kwenye vifundo. Homoni ya projesteroni humfanya avute hewa nyingi zaidi hata akiwa ameketi, huku mtoto akisukuma kiwambo juu. Akilala kwa ubavu na kuinua miguu, hupata nafuu. Ninachokipinga ni kumtuliza mama kwa maneno hayo kabla ya kumpima shinikizo la damu.

Uvimbe wenyewe hauamui kitu. Wanawake wengi wenye afya njema huvimba, ndiyo maana madaktari waliuondoa katika vigezo vya kutambua ugonjwa unaotangulia kifafa cha mimba. Wanatazama tansiyo, yaani shinikizo la damu, iliyofika 140/90 baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba figo, ini, ubongo au kondo vimeguswa. Wapo wanaougua bila kuvimba hata kidole, na wapo wasiohisi lolote hadi degedege liwaangushe. Kichwa kuuma ni dalili mojawapo, lakini mjini hapa sababu nyingine hazikosekani: malaria, njaa, moshi wa makaa, usiku usio na usingizi tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025. Kila sababu inaaminika, na hapo ndipo hatari inapojificha.

Wapo watakaosema bibi zetu walizaa bila mashine. Wengi walizaa salama, naam, lakini waliochukuliwa na kifafa hawakubaki kusimulia. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la nauli, foleni na usalama wa njia. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonwe mara nane, tano kati ya hizo katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa aliyekimbia kijiji chake akiwa na watoto mgongoni, hesabu hiyo ni ndefu mno. Siwezi kumlaumu. Lakini kufunga mkono na kusoma namba ni kazi ya dakika chache, na mhudumu wa afya wa mtaa aliyefundishwa anaweza kuifanya mlangoni kwa mama.

Wala kipimo hicho si cha kutia hofu bure, kwa sababu dawa ipo. Utafiti wa Magpie, uliochapishwa 2002 baada ya kuwafuata wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa salfeti ya magnesiamu hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Tiba kamili ni kuzaa, na hospitali huhitaji muda wa kuamua lini. Kwa hiyo kichwa kisichopoa, macho yanayoona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso uliovimba ghafla: mwenye dalili hizo aende siku hiyohiyo, hata kama CPN yake, yaani kliniki ya wajawazito, imepangwa wiki ijayo, na asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu kabla mkono wake haujapimwa.