Tairi Lina Tarehe Yake: Isome Kabla ya Kulipa

Siku moja tulifuatana na mwanakisomo wetu wa Mbagala, Temeke, kwenda kununua tairi la mtumba. Mzee huyu ana pikapu ya kuchukulia nazi na mihogo. Muuzaji akatoa tairi linalong'aa. "Chukua hili mzee wangu, bado bichi kabisa!"

Mzee akainama, akapangusa ubavu wa tairi, akasoma polepole: 1209. Akasimama. "Mwanangu, tairi hili limezaliwa 2009. Ni kubwa kuliko mjukuu wangu."

Muuzaji akashangaa. Kumbe hata yeye alikuwa hazijui namba zile.

Ndugu msomaji, namba hizo si siri. Tafuta ubavuni herufi D, O na T. Fuata maandishi yake mpaka mwisho, utaona tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1209 maana yake ni wiki ya 12 ya mwaka 2009, yaani mwezi wa Machi. Mara nyingine namba huwa upande mmoja tu. Usipoiona, geuza tairi. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Liache hapo hapo.

Kwa nini tunahesabu miaka? Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Tazama kandambili iliyosahauliwa juani: hukauka, ikapasuka. Ndani ya tairi mna nyuzi na waya zilizoshikwa na mpira. Mpira ukifa, matabaka huachana. Gari likiwa na mzigo, lami ina moto, na dereva anakwenda mbio barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, tairi hupasuka ghafla. Watengenezaji wengi wanasema likifika miaka 10 litolewe, hata kama kashata bado ni nzuri. Tangu mwaka wa tano lipelekwe kwa fundi kila mwaka.

Sasa kashata zenyewe. Kazi yake ni kutoa maji chini ya gurudumu wakati wa mvua. Tairi kipara huteleza juu ya maji, na breki hazisaidii kitu. Chomeka njiti ya kiberiti kati ya kashata, weka alama kwa ukucha, kisha pima kwa rula ya mtoto wa shule. Nchi za Ulaya haziruhusu gari dogo kutembea na kashata zenye kina cha chini ya milimita 1.6. Sisi, kwa masika ya huku kwetu, tungesema hata milimita 3 ni kidogo. Kwenye mifereji ya kashata mna vituta vidogo vinavyokatisha. Kashata zikishuka zikalingana navyo, tairi limekwisha.

Lakini angalieni ujanja. Wako watu wanaochonga tairi kipara kwa kisu cha moto ili lionekane lina kashata. Matairi ya malori mengine yameandaliwa kuchongwa. Ya gari dogo hapana. Ukiona mifereji haina vile vituta, au kingo zimekatwa ovyo, au waya unachungulia chini, limechongwa hilo. Na kung'aa si upya. Dawa ya kung'arisha inapatikana kila mahali.

Pitisha mkono ubavuni. Ukigusa uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika, na uvimbe huo hauzibiki kwa kiraka. Chungulia na ndani pia. Ukikuta unga mweusi au mikunjo, tairi lilitembezwa bila upepo.

Mzee wetu aligeuza matairi saba. Muuzaji alinung'unika kidogo, lakini la saba lilifaa, wakaelewana bei.

Na lile kuukuu lililotolewa kwenye gari? Usilitupe uani. Hujaa maji ya mvua, na mbu wa dengue huzaliana humo. Dar es Salaam ilipigwa na homa hiyo mwaka 2014, na tena 2019. Mbu huyo huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Mpelekee fundi wa katambuga. Kwake yeye kipara si hoja, na mwaka wa kuzaliwa wa tairi haumhusu.