Mkataba Haufi kwa Sababu Wakili Hakuwa na Leseni

Swali hili nimeulizwa na watu wa Riruta Satellite, Kabiria na Kawangware hadi nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Mtu ameuza ploti, bei ya mtaani imepanda kabla hajamaliza kulipwa, sasa anajutia. Anaingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili wa Kenya (LSK), anaandika jina la wakili aliyewaandalia mkataba, anakuta hana leseni. Akidodosa anaambiwa wakili huyo hakutimiza pointi zake za mafunzo. Hapo anakuja mbio: "Wakili, si huu mkataba umekufa?"

Haujafa. Na anayekuambia umekufa anakupeleka pabaya.

Kuhusu pointi zenyewe, watu wameelewa vizuri. Kwa kanuni za mwaka 2014, wakili anatakiwa kukusanya pointi 5 za mafunzo endelevu kila mwaka, la sivyo ombi lake la leseni ya mwaka unaofuata hukwama. Leseni huisha tarehe 31 Desemba, na wakili akiendelea kuhudumu bila kuichukua upya ametenda kosa la kinidhamu. Yote hayo ni kweli. Uongo unaanzia pale adhabu ya wakili inapogeuzwa kuwa zawadi ya mteja aliyebadili nia.

Imani hii haikuzuka hivi hivi. Kulikuwa na wakati mahakama zetu zilitamka kwamba hati iliyoandaliwa na wakili asiye na leseni ni batili, na wadaiwa wa benki wakaona mlango wa kutokea. Kesi iliyofunga mlango huo ni ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing. Kampuni ilikuwa imeweka rehani ardhi kwa benki, kisha ikabainika kwamba wakili aliyeandaa hati ya rehani hakuwa na leseni wakati huo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema hati haiwi batili kwa sababu hiyo pekee. Kosa ni la wakili na adhabu ni ya wakili. Mteja aliyeingia ofisini kwa nia njema hawezi kujua kama huyo aliye mbele yake amelipia mwaka au amehudhuria semina. Kifungu cha 34B cha Sheria ya Mawakili nacho kinalinda hati za aina hiyo. Ni miaka kadhaa sasa tangu uamuzi huo utolewe, na bado mawakala wa ploti wanaueneza ushauri uliozikwa kama dawa ya kila mkataba unaowasha.

Uamuzi huo una upande wa pili, na ndio unaopaswa kuwanyima watu usingizi. Mahakama ilitofautisha wakili aliyekosa leseni na mtu ambaye si wakili kabisa, au aliyefutwa kwenye orodha ya mawakili. Hati za hawa wawili wa mwisho ndizo ilizosema ni batili. Sasa angalia tunavyoishi. Mkataba wa ploti unachapwa kwenye saiba, mwenye saiba anatoa nakala aliyomwandikia mteja wa juzi, anabadilisha majina na kutoza ada yake, kisha watu wanatafuta muhuri wa kugonga chini. Huyo haulizwi swali lolote. Wakili aliyechelewa kuchukua leseni ndiye anayechunguzwa hadi jina la katikati!

Turudi kwa wakili aliyekosa leseni. Muuzaji anayeamini mkataba wake umekufa mara nyingi hukimbilia kuuza ploti ile ile kwa mtu wa pili. Mnunuzi wa kwanza anaenda mahakamani, anaonyesha mkataba wa maandishi uliosainiwa na kushuhudiwa, pamoja na ushahidi wa pesa alizolipa, na hoja ya leseni inaanguka asubuhi ya kwanza. Muuzaji anabaki na wadai wawili, na pengine mpelelezi mlangoni.

Swali la maana ni lingine: wakili wako alijua nini siku ile mlipotia saini? Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati miliki. Ni lazima chimbuko la hati hiyo nalo liwe halali. Septemba mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, ikarudia kwamba barua ya ugawaji si umiliki. Wakili ambaye hakufuatilia maamuzi haya bado anafanya utafutaji mmoja wa hati, anaona jina la muuzaji, anasema kazi imeisha. Na hapa kwetu, ardhi zenye nambari za Dagoretti/Riruta nyingine zingali kwa jina la babu aliyefariki zamani, na wajukuu wanauza vipande kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa. Sheria ya Urithi inakataza. Mkataba wa namna hiyo haumfai mnunuzi hata ukiandikwa na wakili mwenye leseni mbichi ya Januari.

Ndiyo maana nakasirika ninapowaona wenzangu wakitia saini kwenye daftari la semina na kutoweka baada ya chai, au wakiacha simu ikihudhuria semina ya mtandaoni wao wakiwa kortini Kibera. Leseni haisemi mtu alisomea nini. Uingereza iliachana na hesabu ya saa 16 kwa mwaka mnamo 2016, ikawataka mawakili wa kundi la solicitor wajipime wenyewe wanahitaji kujifunza nini. Mimi nisingefuta pointi, ila ningetaka anayeandika mikataba ya ardhi apate sehemu ya pointi zake kwenye sheria ya ardhi, na apimwe kama alisikia.

Basi fanya hivi. Kabla ya kulipa ada, mtafute wakili kwenye tovuti ya LSK, mwombe nambari yake ya P.105, na uhifadhi picha ya ukurasa yenye tarehe, kwa kuwa tovuti hukuonyesha hali ya leo na wewe utataka hali ya siku ya saini. Muulize chimbuko la hati analifuatiliaje na mirathi imefika wapi. Akikuambia usijali, ondoka. Usikubali wakili wa muuzaji awe pia wako. Kama tayari umesaini mkataba ulioandaliwa na wakili asiye na leseni, tunza mkataba, tunza risiti na jumbe za M-Pesa, mkabidhi wakili mwingine amalizie uhamisho. Malalamiko yapeleke kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hasara iliyotokana na uzembe idai kwa kesi, na usichelewe. Usipokuwa na pesa ya wakili, nenda Kituo cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Na kama mkataba wako ulichapwa na kutozwa ada na mtu wa saiba, usingoje mgogoro: mrudie mwenzako wiki hii, mkae na wakili, muandike mwingine wakati bado mnasalimiana.